Neno Lililokaa Kwenye Pipa

Nyumba ya kijana wangu Sifuna, hapa Tuwan, Kitale, ni chumba kimoja. Katikati kuna pazia. Mbele ya pazia kuna viti viwili, jiko na vyombo. Nyuma ya pazia kuna kitanda. Hapo ndipo shida ilianzia.

Kwetu Bungoma, baba hapiti mahali mke wa kijana wake analala. Ataingia sebuleni mchana, atakunywa chai, atatoka. Kulala chini ya paa hilo, hapana. Kufika kitandani, hiyo hata haisemwi. Sasa nyumba ambayo sebule na kitanda vimetengwa na kitambaa, utasema umeingia sebuleni ama umeingia wapi? Mimi niliamua sitaingia kabisa.

Sikutaka kuja Kitale. Mke wangu Nasike alipokufa nilibaki kwa boma letu, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Asubuhi nilikuwa nachemsha chai ya watu wawili, namwaga ya mmoja. Baadaye nikaacha kuchemsha. Watu wakamwambia Sifuna, baba yako anaisha. Akaja na lori ya tajiri wake, akapandisha kitanda changu juu ya magunia, akasema, "Baba, twende." Sikubishana. Kubishana kunataka nguvu.

Ndugu yangu Wabwile alinipigia simu tukiwa bado njiani.

"Utarara wapi huko?"

"Wamenitafutia chumba. Mwisho wa ploti."

"Chako peke yako?"

"Changu."

"Haya. Lakini nikisikia umerara kwa nyumba ya kijana, ukirudi huku usinisarimie."

"Wabwile, mimi ni mtoto?"

"Wazee wakifika town wanaharibika, bana. Nimeona wengi."

Mke wa Sifuna anaitwa Chepkemei. Kwao ni juu, upande wa mlima Elgon. Ana msichana mmoja ambaye bado anajifunza kutembea. Mtoto huyo alizaliwa tukiwa tumeshazika, kwa hivyo akapewa jina la bibi yake, Nasike. Mimi namwita mke wangu, kama babu wote. Mama yake namwita Mama Nasike. Kila nikiita, ulimi unasimama kidogo kabla ya kumaliza.

Chakula ananiletea mlangoni kwangu. Anaweka kigoda. Anaweka sahani juu yake, anaweka maji ya kunawa, anarudi nyuma hatua chache, ndipo anasema, "Baba, karibu chakula." Mimi nakula nusu. Sahani inarudi na nusu. Hajawahi kuniuliza kwa nini.

Jirani yetu Wamboi ndiye anauliza maneno yote ambayo wengine hawaulizi. Anauza mitumba ya mapazia na mashuka kando ya barabara. Jioni moja manyunyu yalinikuta nakula nje, kigoda kinalowa, akasimama na mwavuli wake akiniangalia.

"Wewe mzee, kwa hiyo nyumba kuna simba?"

"Kuna pazia."

"Pazia nilimuuzia mimi! Ningejua iko na nguvu hivyo ningeongeza bei."

"Ungeongeza."

"Si uingie ukae kwa kiti. Kitanda hakikuiti."

"Wamboi, kwenu hakuna heshima?"

"Kwetu iko. Lakini mvua ikikuja tunaiweka ndani na sisi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, kifua kiliuma.

Mbele ya mlango wa Mama Nasike kuna pipa la bluu la maji. Akifua nguo anafulia hapo, na mbele ya macho yake, kwenye ubavu wa pipa, ameandika neno la Kiingereza kwa chaki. Akifua analisema. Siku nyingine anafuta, anaandika lingine. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, mtu mzima kama huyo, na mtoto mgongoni.

Shule alikuwa ameacha kidato cha tatu, baba yake alipokufa. Alipoolewa kwetu, Nasike wangu alimuuliza umesoma mpaka wapi. Akasema. Nasike akamwambia, "Rudi." Chepkemei akafikiri anafukuzwa aende kwao. Akaanza kulia. Nasike akaongeza, "Rudi shule."

Huyo ndiye alikuwa Nasike. Neno lake lilikuwa rudi. Hakuwa mtu wa kugombana. Ukiingia nyumbani na viatu vya tope, alisema, "Rudi." Unatoka nje, unavua, unaingia tena. Ukimpita mgeni bila kumsalimia, "Rudi." Watoto wakinawa mkono mmoja, "Rudi." Mimi mwenyewe nilirudishwa mlangoni na viatu vyangu mpaka tukazeeka. Hakupandisha sauti. Aliangalia tu kazi yake ya mikono na kusema hilo neno moja, na ulijua hata ukae kutwa hapo hutapata lingine.

Sifuna alikubali mkewe asome. Akajiandikisha, ikafika mwezi wa mtihani. Mwezi huo huo Nasike akalala kitanda. Chepkemei alifanya karatasi ya kwanza, akasikia mama mkwe hawezi tena kugeuka mwenyewe, akaacha karatasi zingine zote, akashuka Bungoma. Alimwosha, alimlisha, alimgeuza. Mimi sikujua mwanamke anageuzwaje bila kuumia, yeye alijua. Nasike alimwambia, "Rudi ukamalize mtihani." Hiyo ndiyo rudi moja tu ambayo Chepkemei alikataa. Alikaa mpaka tukazika.

Kwa hivyo mtihani huu wa sasa, mimi nilikuwa nauangalia kama mtu anaangalia deni ambalo hajalipa.

Kulikuwa na neno moja ambalo halikufutwa. Mengine yalikuja yakaenda, lenyewe lilibaki. Herufi nazijua, nilifundishwa darasa la ubatizo, ili nisome katekisimu. Shule sikuingia. Kiswahili nasoma polepole. Kiingereza naona herufi tu, kama mtu amesimama sokoni katikati ya watu na hajui hata mmoja. Lakini hilo nililiona siku nyingi mpaka nikalizoea sura. Siku moja nikasema kutoka mlangoni kwangu:

"Mama Nasike, naona hilo neno limepanga hapa."

Alicheka, mikono kwa povu. "Baba, linanisumbua. Haliingii."

"Linaitwa nani?"

"Inculcate."

Nikalisema. Akarudia, nikalisema tena. Lilikuwa kama kokoto mdomoni.

"Ni kufanya nini?"

"Ni ku..." Alikamua shati akifikiri. "Ni kuweka kitu ndani ya mtu. Si kitu ya mkono. Wazo, ama tabia. Unamwekea leo, kesho unarudia, kesho kutwa unarudia, mpaka inashika."

"Hiyo si kufundisha?"

"Imepita kufundisha. Mtu anaweza kufundishwa asahau. Hii hata ukitaka kusahau, mwili unakataa."

Mimi kazi yangu ilikuwa kujenga nyumba za udongo. Udongo haushiki ukutani kwa sababu umeupiga hapo. Kwanza unakanyagwa. Nasike alikuwa anakanyaga na mimi, nguo ameifunga juu ya magoti, asubuhi mpaka udongo unaacha kulia chini ya mguu. Unaachwa. Kesho unakanyagwa tena. Ukiharakisha, ukuta unapasuka jua likiwaka.

"Kama kukanyaga udongo wa nyumba," nikasema.

"Labda," akasema. "Sijawahi kukanyaga, Baba. Kwetu tulijenga na mbao."

Basi. Nikarudi kwa mawazo yangu. Yeye akafua, kisha akasema bila kunitazama:

"Mwalimu alisema kila neno tulitafutie mfano wa maisha yetu. Hili nilipata mfano. Shida ni kwamba nikiusema nalia, sasa neno linapotea kwa machozi."

"Sema tu."

Akausema kwa Kiingereza. Sikushika kitu, ila katikati nilisikia mama, na mwisho nikasikia lile neno likipita. Halafu akasema kwa Kiswahili: "Mama mkwe wangu aliniwekea heshima ndani mpaka ikashika. Hata nikiwa peke yangu kwa nyumba, navua viatu."

Nilitazama pipa. Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila akifua, "Lile neno?" naye anajibu. Tulikuwa tumepata kitu cha kuongea, mimi mlangoni kwangu, yeye kwenye pipa. Watu wawili ambao heshima imewaweka mbali wanahitaji kitu kama hicho.

Ikafika siku ya karatasi ya Kiingereza. Sifuna alikuwa Lwakhakha, mpakani, na mzigo wa lori. Walipatana na Wamboi abaki na mtoto. Mama Nasike alimnyonyesha mtoto, akamlaza, akatoka na kalamu zake kwa karatasi ya plastiki. Alipita mbele yangu akasimama.

"Baba, naenda."

"Nenda."

"Simu wanachukua langoni. Ukinipigia haitaingia."

"Sitapiga."

"Na ukitoka kabla hawajakusanya, hurudi ndani tena."

Nilielewa ananiambia nini. "Mama Nasike," nikasema, "maliza."

Akaenda.

Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamekaa chini. Wamboi alikaa mlangoni kwa Mama Nasike akichambua maharagwe. Matone yalipoanza aliruka kama ameumwa na siafu.

"Ngai! Mapazia yangu! Mzee, mtoto amelala fofofo. Nafunika tu, narudi sasa hivi!"

"Nitolee mtoto kwanza!"

Alikuwa ameshafika langoni. Kukimbia kwa mtu mnene si mchezo, lakini siku hiyo alikimbia.

Mvua ikaja na mawe. Kwa mabati ya Tuwan mvua ya mawe si sauti, ni vita. Nikasogea chini ya upenu mpaka karibu na mlango wa Mama Nasike, nikasimama hapo na mgongo ukutani. Mtu wa bodaboda akaingiza pikipiki ndani ya ploti akaja kujikinga kando yangu. Namjua, ni Kimutai, mwenye hukaa hapo nje ya lango na wateja wake.

"Mzee, niaje. Mvua imekasirika."

Kabla sijajibu mtoto alilia ndani. Kelele ya mabati ilikuwa imemwamsha. Kilio cha mtoto anayeogopa kina kona zake, hakifanani na cha njaa.

"Huyo ni wa Sifuna?" Kimutai akauliza. "Mama yake wapi?"

"Mtihani."

"Na hapa kuna nani?"

"Mimi."

Aliniangalia. Akaangalia mlango, ambao haukuwa na kufuli, ni komeo tu. "Sasa si uingie?"

"Kitanda kiko nyuma ya pazia. Ni nyumba ya kijana wangu."

"Aa." Alielewa. "Kwetu pia iko. Mzee wangu hata kivuli ya mke wangu hakanyagi."

"Basi ingia wewe, unitolee mtoto."

"Mimi?" Alirudi nyuma mpaka mvua ikamnyeshea bega. "Niingie mpaka kitanda ya Sifuna na mwenyewe ako Lwakhakha? Mzee, unataka nikatwe panga?"

Mtoto alizidi. Nikaita kwa mlango, "Nasike! Nasike, nyamaza, babu yuko hapa." Kumwita hivyo, mbele ya mlango uliofungwa, na hakuna anayenijibu, kulinirudisha Bungoma. Nilikuwa nimemwita hivyo mwenye jina, mke wangu, siku ya mwisho, naye hakujibu.

Kimutai akachukua helmeti. "Mzee, shule najua ni gani. Hata na hii mvua, nafika haraka. Nitawaambia walinzi ni dharura, wamtoe. Sindio?"

Ilikuwa rahisi. Niseme ndiyo tu. Heshima ingekaa mahali pake, na hakuna mtu angenilaumu. Hata Chepkemei asingenilaumu. Angetoka mbio na kalamu zake, kwa mara ya pili, kwa sababu ya nyumba yetu.

Ndani kitu kilianguka. Pu. Kilio kikakatika, halafu kikarudi kikiwa kingine.

"Namleta mama yake!" Kimutai alikuwa ameshapiga kiki.

"Zima."

"Mzee—"

"Zima pikipiki. Usimwite. Huo mtihani aliuacha mara moja kwa ajili yetu."

Nikafungua komeo. Nikasema hodi. Hakuna mtu, lakini nilisema, na nikangoja kidogo kama mtu anayengojea kukaribishwa. Nikavua viatu. Sikukumbuka kuvivua, niliona tu miguu yangu kwenye simenti, baridi. Nikapita viti. Nikapita jiko. Nikafika kwa pazia.

Ni pazia la maua ya njano. Nilikuwa sijaliona kwa karibu.

Hapo nilisimama. Nasema ukweli, nilikuwa nangoja. Miaka yote hiyo, nikikosea mlangoni, palikuwa na sauti ya kuniambia rudi. Nilingoja niambiwe. Nilisikia mawe juu ya bati, nikasikia mtoto. Kingine hapana.

"Nasike," nikasema, "napita."

Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, mdomo una damu kidogo, ameshika upindo wa pazia kwa ngumi mbili. Alinyoosha mikono. Nikainama, na mimi kuinama ni kazi, nikamchukua. Kitanda nilikiona. Kilikuwa kitanda. Shuka la bluu, mto mmoja, kile kitenge cha kijani alichokuwa anajifunga mwenye jina, walichompa Chepkemei siku ya kugawa nguo za marehemu. Nilimfunika mtoto nacho nikatoka naye nje. Alifuta pua kwa koti langu, akafuta tena, akalala begani.

Kimutai alikuwa ametazama upande ule mwingine, kwa mvua, kama mtu ambaye hayupo. Nilimshukuru kwa hiyo.

Wamboi alirudi wa kwanza, amelowa mpaka ndani, barabara ilikuwa imejaa maji ikamfungia ng'ambo. Aliniona na mtoto, akaona kitenge, akaona miguu yangu bila viatu. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga.

Mama Nasike alifika saa ya chakula. Sikumngoja aulize.

"Mtoto alianguka. Mdomo umepasuka kidogo, nimeuosha." Nikamgeuza mtoto aone. "Mama Nasike, nimepita pazia."

Alisimama na karatasi yake ya plastiki. Maji yalikuwa yanamtoka kwa nywele. Alimtazama mtoto, akatazama chini, si usoni kwangu, kama alivyofundishwa.

"Baba," akasema, "uliingia na viatu?"

"Nilivua."

Akageuza uso upande wa ukuta. Mabega yake yalitikisika na sikujua kama anacheka ama analia, nadhani hata yeye hakujua.

"Umemaliza karatasi?" nikauliza.

"Nimemaliza. Nilikaa mpaka wakakusanya."

"Na lile neno?"

"Halikuja."

"Halikuja?"

"Hakuna mahali lilikuja, Baba. Limenitesa bure, bana."

Wamboi ndiye alicheka, akashika mbavu, akasema ati hiyo serikali ina mchezo.

Mchana nilimpigia Wabwile. Kitu kama hicho kisitembee na miguu yake mpaka kimfikie ndugu, unakipeleka mwenyewe. Nilimwambia chote.

"Mtoto arianguka?"

"Alianguka."

"Anaitwa Nasike."

"Ndiyo."

"Na mama yake ndiye arimwosha Nasike wetu."

"Ndiyo, Wabwile."

Nikasikia anapumua. "Basi Sifuna akirudi atafute kuku. Wa kienyeji, si hawa wa duka. Nitakuja hapo tumchinje, tuseme maneno yaishe."

"Na kusalimiana?"

"Hiyo nitafikiria njiani," akasema, akakata.

Jioni mvua ilikuwa imeisha. Pipa lilikuwa limejaa mpaka linamwagika, na chaki yote ilikuwa imeoshwa. Mama Nasike alitoka na kigoda. Akakiweka mlangoni kwangu, akaweka sahani, akaweka maji ya kunawa. Akarudi nyuma hatua zile zile.

"Baba, karibu chakula."

Ilikuwa ugali na mboga ya mrenda. Nilikula. Nilipotazama, sahani ilikuwa imeisha, na sikumbuki niliivuka saa ngapi ile nusu. Yeye aliichukua, akaitazama, akaenda kuiosha.

Niliingia ndani nikakaa kitandani. Nilikuwa nimechoka hata viatu sikutaka kuvua.

Nikavua.